Mistari Mitatu Mgongoni kwa Papa

Katika umri wangu nimeshafanya upumbavu wa kila kipimo. Nimewahi kutia chumvi kwenye chai ya padri. Nimewahi kumkataa mchumba kwa sababu miguu yake ilipita urefu wa kitanda chetu cha wageni, naye akaja kuwa mtu mkubwa mwenye vitanda vyake mwenyewe. Lakini huo ni upumbavu mdogo mdogo, wa kuchekeshea wajukuu. Ule mkubwa niliufanya Jumapili moja ya mwaka 1956, mchana, mezani, nikiwa na miaka kumi na tano na kinywa kimejaa lituma, ndizi za kutwanga: nilisifu shati la baba yangu. Nililisifu kwa sauti, mbele ya mama yangu na mbele ya kaka yake mama yangu, na nilidhani ninaonyesha akili.

Sikuwa na nia ya kuandika haya. Mwezi uliopita ndugu yangu Zakaria alikuja kututembelea kutoka Kinshasa, tukala kwangu hapa mtaani Mangobo, watoto wangu na wake wamejaa mpaka mlangoni, na katikati ya chakula akaanza kuwasimulia ule mwaka ambao Papa, baba yetu, aliugua malaria ya kichwa. Alisimulia vizuri. Alitia homa, alitia kutetemeka, alitaja hadi kipimo cha kwinini, maana Zakaria ni mfamasia mstaafu na kwinini ameiuza maisha yake yote. Mwaka ule alikuwa na miaka sita. Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyokaa nayo kwa zaidi ya miaka sitini. Akanigeukia mimi, dada yake mkubwa: "Si ni hivyo, yaya Vero?" Nikamjibu, "Ni hivyo, ilikuwa malaria kali," nikamwongezea samaki. Mimi ndiye mtu wa namna hiyo. Penye neno la kusema, naweka chakula. Tangu siku hiyo silali vizuri mchana, na mtu asiyetoka nyumbani kama mimi akikosa usingizi wa mchana hana kitu kingine cha kupoteza.

Basi turudi mezani. Chumba chetu cha kulia kilikuwa pia chumba cha wageni, na pia chumba cha kulala cha Zakaria. Kulikuwa na meza moja, viti vinne vya aina tatu, na kabati la kioo ambamo Mama aliweka sahani sita zisizoguswa. Siku ile ziliguswa, kwa sababu Tonton Gabrieli, kaka yake, alikuwa ameingia mjini na lori la mchele kutoka Banalia. Papa alitoka asubuhi baada ya misa, akasema anakwenda mazoezi ya kwaya. Saa nne ikapiga mvua ya Stanleyville, mji wetu huu kwa jina lake la zamani, ile mvua isiyouliza kama una mwavuli. Saa saba Papa akarudi, na kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa, nilimshikia beseni na kumwagia maji ya kunawa. Akainama. Ndipo nikaona mgongo wake.

Lazima nieleze kidogo kuhusu Mama Odette. Alikuwa mwalimu wetu wa pasi na cherehani katika shule ya mambo ya nyumbani niliyosoma, kwa masista, na mimi nilimpenda kama wasichana wa siku hizi wanavyowapenda waimbaji. Alikuwa na mikono ya ajabu. Alinyunyizia nguo maji yaliyochemshwa na sinda, yale majani ya chai yenye harufu ya limau, akapitisha pasi ya makaa, na shati likatoka na mistari mitatu mgongoni, imenyooka kutoka begani hadi kiunoni. Sisi wanafunzi wake tuliweza mistari miwili. Wa tatu ulitupinda kila mara. Mama yangu yeye hakuwa na mambo hayo. Alipiga pasi shati ili lisiwe na mikunjo, akalitundika, basi.

"Papa," nikasema tulipokwisha kuketi, "leo umepigiwa pasi na mwalimu wangu."

"Nini?" Papa akauliza.

"Hii shati. Mistari tatu, kola nguvu, na inanuka sinda. Katika Stanleyville muzima, iko Mama Odette tu anaweza hivi."

Tonton Gabrieli akacheka na kunipiga bega. "Mutoto iko anasoma, kweli. Masista banafanya kazi."

Papa akasema, "Vero, kula."

"Mistari ngapi?" Mama akauliza.

"Tatu, Mama."

Mama akapangusa vidole kwenye kitambaa, akasimama, akaenda nyuma ya kiti cha Papa. Aliweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akakiteremsha taratibu mpaka kiunoni, kama mtu anayesoma barua na kusoma kwenyewe amejifunza ukubwani. Akasoma wa pili. Akasoma wa tatu. "Ndiyo," akasema. "Tatu. Na ya tatu haikupinda." Kisha akarudi kwenye kiti chake na kumwongezea kaka yake sombe, yale majani ya muhogo. Mtu yeyote mwenye akili angekuwa ameshafahamu: shati likitoka nyumbani asubuhi, likalowa saa nne, likarudi saa saba limekauka na kunyooshwa kuliko lilivyotoka, basi kuna mahali lilivuliwa. Tonton alikuwa ameacha kutafuna. Zakaria alikuwa anacheza na mfupa. Mimi, mwenye elimu, nilikuwa bado nangoja kusifiwa.

Nyumba ile ilikuwa na kuta ambazo hazikufika kwenye paa, kwa hiyo siri za chumba kimoja ziliruka zikaangukia kingine. Jioni ile nilikaa juu ya kitanda changu nikisikiliza. Papa hakupigana sana na ukweli. Alikuwa karani wa ofisi ya meli, mtu wa kujibu alichoulizwa. "Bon," nilimsikia, "nimekosa." Tonton akauliza tangu lini. Tangu Pasaka. Halafu ikaja sauti ya Mama, tulivu kabisa, sauti ya kuuliza bei ya ndizi: "Alors, hata ile siku Odette alikuja hapa kuomba sindano ya kushona, na mi nikamupa chai?"

"Hata ile siku," Papa akasema.

"Na sukari niliweka."

Hakulia. Ningependa kuandika kwamba alilia, maana katika vitabu mama hulia na msomaji anajua pa kushika. Alikuja chumbani kwangu na mto wake, akasema, "Sogea," akalala upande wa ukutani, na humo alilala miezi iliyofuata. Tonton alirudi Banalia akiacha neno: Mama akisema tu, atakuja na lori kumchukua yeye na watoto. Sisi kwetu mwanamke aliyetukanwa namna ile ana mlango wa kwao, na kaka ndiye anayeushika. Mama alisema atafikiri.

Jumatatu nilikwenda shule. Nadhani nilitaka Mama Odette anishike mkono na kusema jambo, lolote, hata uongo. Alipita nyuma yangu, akasimama, nikahisi ile harufu ya sinda, akasema, "Veronika, makaa yako imepoa." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote juu ya jambo lile. Baada ya majuma mawili akapanda meli ya kuteremka mto, kwenda Barumbu kwa ndugu zake. Wasichana wakasema kuna mgonjwa. Alikuja sista mmoja mzee kushika nafasi yake, akapiga pasi kama anayefukuza nzi. Aibu yangu nyingine, na hii sijamwambia mtu: nilimkumbuka mwalimu wangu. Nilikaa kitanda kimoja na mama aliyeumizwa, na nilikuwa namkumbuka aliyemuumiza, kwa sababu ya mstari wa tatu ambao sasa nisingejifunza kamwe.

Nyumbani tuliishi kwa adabu. Papa alisema asante kwa kila kitu, hata kwa chumvi. Mama alimpakulia kwanza, kama kawaida, akamwekea maji, kama kawaida, lakini hakumwangalia. Hakumsema, hakumtukana, na majirani waliokuwa wakitega masikio upande wetu walikata tamaa. Jirani mmoja tu hakukata tamaa. Mama Bolumbu, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko, alikuwa anauza samaki wa moshi na alikuwa na desturi ya kuingia uani kwetu bila kubisha, kuomba kaa la moto. Yeye aliuliza wazi: "Mama Vero, utamupiga lini? Mi nakungojea, nisikose." Mama akamjibu, "Ngoja kwanza. Bado naikaanga." Aliikaanga hasira yake hivyo, siku baada ya siku, kwa moto mdogo, na mimi nilimwelewa: alitaka iive, siku akiitoa iwe chakula kamili. Nilikuwa naingoja hata mimi. Niliamini kwamba akishapiga kelele, akavunja zile sahani sita, tutalia wote na kubaki pamoja.

Halafu ikaja ile Jumanne. Sikwenda shule, nilisema tumbo linauma; tumbo langu mwaka ule liliuma kila palipokuwa na kutoka nje. Nilikaa jikoni, uani, namenya karanga. Saa sita na nusu Papa akarudi kutoka kazini kwa mapumziko ya mchana, kama siku zote. Akasimama mlangoni mwa jikoni. "Mama yako iko wapi?"

"Amekwenda soko na Zakaria."

"Bon," akasema. Aliangalia karanga kwa muda. "Zimekauka vizuri." Akaingia ndani.

Nimeyapima maneno yale mara nyingi kuliko mfanyabiashara wa dhahabu. Hayana kitu. Nimeyageuza, nimeyatikisa, hayana kitu ndani. Niliendelea kumenya. Baadaye Mama Bolumbu akaingia na kigae chake cha kubebea makaa, akachutama kwenye moto wetu, akaanza kuchagua kaa, halafu akainua kichwa. Lazima mjue kwamba Papa alikoroma. Mtaa mzima ulijua saa ya mapumziko kwa mkoromo wake, watoto waliuiga. "Papa yako hajarudi leo?" akauliza.

"Amerudi. Amelala."

"Mbona hakoromi?"

Nikasema sijui. Yeye akatupa kaa, akaingia ndani ya nyumba ya watu bila kubisha, akausukuma mlango wa chumba cha watu, na kwa tabia yake hiyo mbaya Papa aliishi miaka mingine thelathini na moja.

Alijaribu kujiua. Namna alivyofanya sitaiandika, haimsaidii mtu. Nakumbuka sauti ya Mama Bolumbu ikiita watoto wake wa kiume, na mkokoteni wao wa samaki ukiingia uani ukigonga kizingiti, na Papa akitolewa amefunikwa shuka, mguu mmoja una soksi. Walimsukuma hadi hospitali yetu sisi weusi. Nakumbuka niliwaza: atafika akinuka samaki, watasemaje. Ndicho nilichowaza. Walipoondoka nilirudi jikoni nikamaliza kumenya karanga. Mama aliporudi sokoni alikuta bakuli limejaa hadi juu na maganda yamefagiwa, nikamwambia kilichotokea kwa mpangilio mzuri, mwanzo, kati na mwisho, kama insha. Alinisikiliza. Akamvua Zakaria viatu vya soko, akamvisha vya nyumbani. Akaniambia, "Mutoto asijue. Sema malaria." Kisha akatafuta sufuria yenye mfuniko, maana hospitalini mgonjwa hupikiwa na watu wake.

Nilikwenda kila siku kumpelekea Mama kuni. Jamaa za wagonjwa walipika katika ua wa nyuma, moto ishirini au zaidi, na kila mwanamke alijua wa jirani yake anaumwa nini. Habari za wa kwetu walizijua pia, lakini walimuuliza Mama, "Malaria inaendeleaje?" kwa heshima kubwa, kama wanauliza habari za mkwe. Siku moja Mama Bolumbu alikuja na samaki, wakakaa pamoja kugeuza sufuria, nami nyuma yao na kuni zangu.

"Sasa ndiyo hautamupiga tena," Mama Bolumbu akasema.

"Nitamupiga nani? Mugonjwa?" Mama akakoroga. "Mi nilikuwa na hasira yangu, karibu inaiva. Ameinyanganya. Leo nikisema neno moja, batu batasema, ona, anataka kumumaliza. Nikinyamaza, batasema nimesamehe. Na mi sijasamehe, dada. Sijasamehe hata kidogo. Niko nampikia tu."

"Basi weka chumvi mingi."

"Docta amekataza chumvi."

Mimi nilisimama pale na kuni mikononi, nikijua jambo moja tu: kwamba ningekula lituma yangu kwa adabu Jumapili ile, haya yote yasingekuwapo. Ni hesabu ya kitoto, ninaijua leo. Mwanamke mwenye macho angeiona mistari ile kabla ya jioni. Lakini nilikuwa nimeiweka kichwani na ilikaa huko kama fanicha. Sikuisikia kama maumivu. Niliizunguka tu nikipita.

Papa alirudi baada ya majuma matatu. Mume wa Mama Bolumbu alikuwa ameng'oa mlango wa chumba cha Papa, kwa agizo la Mama, na mahali pake ikatundikwa kitenge. Mlango wenyewe uliegemezwa ukutani uani na kuku wakaanza kuulalia. Papa hakuuliza mlango ulikwenda wapi. Alikaa kwenye kiti kimoja, karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, na sauti yake ilikuwa imebaki na maneno matatu: ndiyo, hapana, asante. Tulimzunguka kwa vidole vya miguu. Zakaria alikatazwa mpira. Mimi niliacha shule kabisa mpaka Januari, eti kumsaidia Mama. Ukweli ni kwamba nilipata sababu ya kutotoka nje, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa karibu na furaha. Tulikula, tukaosha vyombo, tukalala, Mama ukutani na mimi ukingoni. Kama nyumba inaweza kufa ganzi kama mguu uliokaliwa, ya kwetu ilikufa.

Ndipo Mama akatuma neno Banalia. Sikuambiwa, niliona sanduku. Alilitoa chini ya kitanda chetu siku ya Alhamisi, akaanza kukunja nguo zake na za Zakaria na zangu. Aliniambia, "Tonton anakuja Jumamosi." Nikauliza, "Na Papa?" Akakunja shati la Zakaria mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. "Papa ni mutu mukubwa," akasema. Nilijua, na yeye alijua, na hakuna aliyetamka: tukipanda lori lile, nyumba itabaki na mtu mmoja na kitenge mlangoni. Na nilijua pia kwamba Mama ana haki ya kwenda. Nilitaka abaki, nikaona aibu kutaka, maana kubaki kwake kulikuwa kwa faida yangu mimi, niliyependa kitanda changu na kuta zangu zisizofika kwenye paa.

Jumamosi lori likapiga honi mbele ya nyumba saa nne asubuhi. Tonton Gabrieli akaingia, akamsalimu Papa kwa kichwa tu, akaja chumbani kuchukua sanduku. Nilikuwa nimelikalia.

"Mutoto, toka hapo."

"Tumbo inauma, Tonton."

"Itauma vizuri zaidi Banalia. Toka."

Sikutoka. Nilikuwa na miaka kumi na tano, matiti, na elimu ya masista, na nilikuwa nimekalia sanduku kama kuku wa mayai. Tonton akamwita Mama. Mama hakuja. Tulimkuta uani, kwenye kinu, anatwanga ndizi kwa lituma, jasho linamtoka, na ndizi zilikuwa nyingi mno kwa watu wasiokuwa na mpango wa kula.

"Dada, lori inangoja."

"Naiona." Akatwanga. "Gabrieli, nikienda leo, na huyu akarudia ile kitu, nitaibeba mi mpaka kaburini. Nikibaki, nitabaki bila kusamehe. Nimepima usiku, zote mbili. Ya pili iko nyepesi kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu. Wewe kwenda tu, ndugu yangu. Mulango wako usiufunge."

Tonton aliondoka na hasira, bila kula, na lori lake likatimulia vumbi nguo zetu zilizoanikwa. Mama hakwenda kuzitoa. Alimaliza kutwanga, akapakua, tukakaa mezani sisi wanne. Papa alikuwa amesikia kila kitu, kwa zile kuta. Alisogeza sahani yake karibu. Halafu akasema jambo ambalo halikuwa ndiyo, hapana wala asante. Alisema, "Pilipili iko?"

Zakaria aliacha kutafuna. Mimi nikashika kingo za kiti. Mama akainua uso na kumwangalia mumewe, machoni, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, nami nikaona ile hasira yake inarudi, inapanda shingoni, inafika mdomoni. "Iko," akasema. "Iko jikoni. Na miguu unayo. Simama ukachukue mwenyewe, mi siyo boyi yako!"

Lilikuwa neno lake la kwanza la ukali, na sikuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Papa akasimama. Akaenda jikoni, tukasikia akigonga vyombo, akiangusha kifuniko, akarudi na kibakuli na kijiko, akaketi, akaanza kujiwekea. Sisi tulikuwa tumeshika pumzi, macho yote kwenye mkono wake. Ni wakati huo Mama Bolumbu aliingia bila kubisha, kikapu cha samaki kichwani, akasimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja. Alichosema nakiandika kama kilivyotoka, kwa sababu ndicho kilichomfanya Mama acheke, akacheka mpaka akaegemea meza, na Papa naye, kwa aibu, na kicheko kile kilimgeukia Mama kikawa kilio tulichokuwa tunakingoja tangu mwanzo:

"Mi nimekwenda matanga mingi katika hii maisha, lakini matanga ya hivi sijaona: batu yote kimya, na maiti mwenyewe iko anajipakulia pilipili."